UZI: Mabango ya kuuza hatifungani za vita. Picha kubwa, riba haionekani

Mchora Vibao (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni fundi wa vibao. Mwaka wa 19 huu nipo kwenye kazi hiyo. Nilianza na brashi na rangi ya mafuta kwenye milango ya maduka, leo ni kompyuta na mashine ya kuchapa turubai. Msinichukulie kama mwanahistoria. Bango mimi naliangalia kifundi: rangi ngapi, jicho linatua wapi kwanza, na herufi zinasomeka ukiwa ng'ambo ya barabara au hazisomeki.

Kilichonileta hapa ni mteja. Mwaka juzi alikuja mtu wa kikundi cha kuweka na kukopa, anataka bango la kuita wanachama. Nikamuuliza, riba tuiweke juu au chini? Akacheka. "Riba ya nini, fundi? Weka mama na mtoto, mtoto ashike daftari." Nikaweka mama, mtoto na daftari. Watu walijaa. (Yaliyofuata tuyaache. Hata mimi nililipwa nusu.)

Tangu hapo nikawa napekua usiku kwenye simu, natafuta mabango ya zamani ya kuomba watu hela, nikaangukia ya hatifungani za vita, yaani karatasi za serikali kuwakopa watu hela ya vita. Wiki tatu sasa mke wangu ananiuliza kama nina mtu mwingine.

Nianze na Marekani. Waliingia Vita Kuu ya Kwanza Aprili 1917. Vita inataka hela, na hela inatoka kwenye kodi, mkopo, au mashine ya kuchapa noti. Waziri wa Fedha, William Gibbs McAdoo, alitoza kodi lakini mzigo mkubwa akaukopa, na akataka wakopeshaji wawe wananchi wa kawaida pamoja na mabenki. Wakaiita Mikopo ya Uhuru. Ilikuwa mikupuo minne wakati wa vita na mmoja wa kufungia hesabu 1919. Mkupuo wa kwanza ulikuwa dola bilioni 2 kwa riba ya asilimia 3.5. Wa nne, mwishoni mwa 1918, waliomba bilioni 6 wakapata karibu 7, riba asilimia 4.25.

Kuna ofisi ya propaganda iliundwa chini ya mwandishi wa habari George Creel, na ndani yake kitengo cha picha akapewa mchoraji Charles Dana Gibson. Wachoraji wa majarida, watu wa majina makubwa, wakachora bure.

Sasa angalieni kazi yenyewe.

La kwanza ni la J. Allen St. John, 1917. Karatasi nyeupe, katikati kuna alama ya kiganja cha damu. Basi. Maneno yanasema hii ndiyo alama yake adui, ifute kwa hatifungani. Wajerumani walikuwa wanaitwa "Hun", jina la watu wa Attila, na kwa sikio letu sisi linakaribia kabisa kuwa "mhuni". Kama fundi nasema hivi: hilo bango ni la gharama ndogo kuliko yote na ndilo ningejivunia kulichora. Mtoto asiyejua kusoma analielewa.

La pili ni la Ellsworth Young, 1918. Mji unawaka moto kwa nyuma. Mbele, kama kivuli cheusi, askari mwenye kofia ya ncha anamburuta binti kwa mkono. Maneno: Kumbuka Ubelgiji. Hakuna sura inayoonekana, yote ni vivuli, na ndiyo maana linatisha. Kila mtu anaweka sura ya binti yake mwenyewe.

La tatu ni la Joseph Pennell, la mkupuo wa nne. Jiji la New York linateketea, ndege ziko juu, na Sanamu ya Uhuru haina kichwa. Kichwa kiko chini, miguuni pake. Pennell alitaka maneno yawe mafupi ya vitisho, kwamba nunua hatifungani au utayaona haya. Wakubwa wakayabadilisha, wakaweka maneno yaliyogeuzwa kutoka kwenye hotuba ya Abraham Lincoln, kwamba uhuru usipotee duniani. Kwangu mimi walikosea. Picha inapiga kelele, maneno yanasali.

Haya. Sasa nitafutieni riba humo. Nitafutieni tarehe ya kulipwa. Kwenye haya matatu haimo. Hatifungani ni mkopo, ni biashara halali kabisa, mtu anakukopesha 100 unamrudishia na cha juu. Lakini mabango mengi ya vita yaliyopita machoni pangu yanauza hofu, aibu, au mtoto. Naomba wenye ujuzi wa fedha waje waniambie ilikuwaje upande wa pili, kwa aliyenunua.

Bwana Mkeka

Nimetandika. Shusha nondo mkuu, chai iko jikoni.

Dada Hazina

Kaka Mchora Vibao, shikamoo ya kazi nzuri. Mimi nimekaa kwenye idara ya dhamana ya benki kwa miaka kadhaa, hatifungani ndiyo ugali wangu. Nikujibu swali lako la mwisho, maana mabango sote tunayaona, hesabu ndiyo inakimbiwa.

Mnunuzi wa kawaida wa 1917 na 1918 hakuwa amewahi kushika hatifungani maisha yake yote. Wengi walikopa benki ili wanunue, yaani mtu anachukua deni ili aikopeshe serikali. Vita ikaisha, bei za hatifungani sokoni zikashuka. Kufikia 1920 ukitaka kuuza yako ya dola 100 kabla haijaiva, ulikuwa unapata chini ya 90. Mwenye benki akasubiri. Fundi viatu mwenye mtoto mgonjwa hakusubiri, akauza kwa hasara kwa wale wanunuzi wa mitaani. Kwa hiyo serikali haikumdhulumu mtu senti kwenye karatasi, lakini hasara ilijua pa kwenda.

Na kuna kisa kitamu zaidi. Hatifungani zile ziliandikwa kwamba utalipwa kwa sarafu ya dhahabu ya kiwango cha siku ile. Mwaka 1933, wakati wa Mdororo Mkuu, Bunge la Marekani likafuta vifungu vyote vya dhahabu. Januari 1934 bei ya wakia moja ikapandishwa kutoka dola 20.67 hadi 35. Bwana mmoja, John Perry, alikuwa na hatifungani ya mkupuo wa nne ya dola 10,000. Akapiga hesabu ya dhahabu yake, akadai 16,931 na senti 25. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, Februari 1935, majaji watano kwa wanne. Mahakama ikasema serikali haikuwa na mamlaka ya kuvunja ahadi yake. Halafu ikasema lakini wewe bwana hujaonyesha hasara uliyopata. Akaondoka na haki mfukoni, bila hela.

mjukuu_wa_chifu

Daaah! "Umeonewa, lakini hujaumia." Hii hukumu nimeshapewa na mwenyekiti wa mtaa.

Msafiri Bukavu

Jambo bandugu. Mie ni wa Bukavu, Kiswahili chetu mtanivumilia.

Hilo bango la "Kumbuka Ubelgiji" limenikalisha chini. 1914 Wajerumani waliingia Ubelgiji kweli, waliua raia kweli, walichoma maktaba ya Leuven kweli, sitaki mtu aseme nakana. Ila hebu hesabuni. Kongo ilitoka mikononi mwa Leopold, mfalme wa Ubelgiji, mwaka 1908. Miaka kumi baadaye, Ubelgiji hiyohiyo iko kwenye kuta za Marekani kama binti mdogo anayeburutwa mkono. Na picha za mikono iliyokatwa ya watu wetu zilikuwa zimeshaonyeshwa Uingereza na Marekani kwenye kampeni za kumpinga Leopold, kwa hiyo hawakuwa hawajui.

Na wakati bango linachapwa, vijana wa huku ndio walikuwa Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo, na wapagazi waliokwenda hadi Tabora. Waliuteka mji Septemba 1916. Hao hawakuwekwa bangoni.

Mchora Vibao (mleta uzi)

Msafiri, umenigonga. Nimeliangalia bango lile wiki tatu, naona rangi na vivuli tu, hilo sikuliwaza.

Umetaja Tabora, na huko kuna kitu kinachohusiana. Huku kwetu hakukuwa na mabango ya kuuza hatifungani kwa wenyeji, ila karatasi za ahadi zilikuwepo. Mjerumani alipofungiwa bahari, noti za rupia hazikuja tena kutoka Ulaya, ikabidi zichapwe hukuhuku, noti za dharura za 1915 na 1916, karatasi duni, baadhi zimesainiwa kwa mkono. Za 1917 za rupia moja, zile za porini, zimegongwa kwa herufi za mpira kama muhuri wa duka. Na pale karakana ya reli Tabora 1916 wakagonga sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye tembo, zaidi ya 16,000. Leo tembo yule wanamnadi kwa bei ya pikipiki na zaidi. Noti ya karatasi ilikufa na utawala wake.

Kipara Mstaarabu

Wadau, mie swali langu dogo. Kwani walilazimishwa? Mtu umeona bango, umependa, umenunua. Hapa kwetu Kenya Machi 2017 serikali ilileta M-Akiba, hatifungani ya kununua kwa simu, kuanzia shilingi 3,000, riba asilimia 10. Hakuna aliyewekewa kiganja cha damu, na riba ilitangazwa mchana kweupe. Shida ikawa watu wenyewe hawajitokezi kama ilivyotarajiwa. Labda ilikosa mchoraji!

Mchora Vibao (mleta uzi)

Hahaha, Kipara, wanipe tenda.

Kuhusu kulazimishwa, kwa sheria hapana. Kwa mtaa, ndiyo. Bango lilikuwa nusu ya kazi, nusu nyingine alikuwa jirani. Kulikuwa na watu wa kujitolea wapatao 75,000, kazi yao kusimama ukumbi wa sinema wakati mkanda unabadilishwa na kuhutubia dakika nne tu. Dakika nne ndizo zilizohitajika kubadilisha mkanda. Umekaa na mchumba wako gizani, taa zinawaka, jirani yako amesimama mbele anauliza nani bado hajanunua.

Kuna bango linauliza: Wewe ni Mmarekani asilimia 100? Thibitisha! Kuna lingine la wahamiaji, wako kwenye meli na mabegi yao wanaitazama Sanamu ya Uhuru, wanaambiwa wakumbuke msisimko wao wa kwanza wa uhuru wa Marekani. Mengine yalichapwa kwa lugha za wahamiaji wenyewe. Ukiwa na jina la Kijerumani, au ni Mmenno ambaye dini yake inakataa vita, na hukununua, kuna miji uliamka ukakuta nyumba au kanisa lako limepakwa rangi ya njano. Njano kwao ni rangi ya mwoga. Mimi rangi ya njano nanunua lita 4 kila mwezi, sikuwahi kuifikiria hivyo.

Vita ilipoisha wakageuza wimbo. Howard Chandler Christy alichora bango la mkupuo wa ushindi 1919: mwanamke ameinua shada la maua juu ya orodha ya majina, wapiganaji wenye asili za kila aina, Du Bois, Smith, O'Brien, Levy, Kowalski, Gonzales, na Haucke humohumo. Jina la Kijerumani limepata nafasi bangoni, baada ya kumaliza msimu mzima likipakwa njano mlangoni.

Bwana Mkeka

Christy namkumbuka, si yule wa mabinti warembo?

Mchora Vibao (mleta uzi)

Huyohuyo. Mabinti wake wanauza chochote. 1917 ana bango moja, mwanamke wa gauni jepesi kashika bendera, askari wanapita nyuma yake: Pigana au nunua hatifungani. Mkono wake umekaa vibaya kidogo ukiuangalia sana, lakini nani anauangalia mkono.

Dada Hazina

Nirudi na Uingereza kidogo, maana pale kuna uongo wa heshima.

Novemba 1914 walitoa mkopo wa kwanza wa vita, pauni milioni 350 kwa asilimia 3.5. Magazeti yakatangaza umenunuliwa ukapita kiasi. Ukweli ukaja kuwekwa wazi mwaka 2017 na watafiti waliochimba kwenye vitabu vya hesabu vya Benki Kuu ya Uingereza yenyewe: umma ulinunua chini ya theluthi moja. Kilichobaki benki ilikinunua kimyakimya, na kikaandikwa kwa majina ya mtunza fedha mkuu wake na naibu wake, ili kisionekane. John Maynard Keynes, aliyekuwa mshauri wa Hazina, alijua, na aliusifia ule mchezo kwa ustadi wake. Miaka 103!

Baada ya pale wakajifunza kwamba wananchi hawaji wenyewe, lazima waitwe. Ndipo bango la posta likasema geuza fedha yako iwe risasi. Na Novemba 1917 wakaja na wazo ambalo nadhani hakuna fundi wa mabango angelishinda: wakaleta vifaru vya vita vyenyewe, vile vya chuma, viwanjani. Kifaru kimesimama Trafalgar Square, London, unakwenda pale unanunua hatifungani yako. Vikazungushwa miji mbalimbali, miji ikashindanishwa. Glasgow Januari 1918 ilikusanya zaidi ya pauni milioni 14 kwa wiki moja.

Na ule mkopo mkubwa wa 1917 wa asilimia 5? Mwaka 1932 Waziri wa Fedha Neville Chamberlain aliwaomba wenye nazo wakubali asilimia 3.5 badala ya 5. Kwa uzalendo. Wengi mno wakakubali. Deni lenyewe lilimalizwa kulipwa tarehe 9 Machi 2015. Babu kanunua akiwa na miaka 30, kalipwa kitukuu.

mjukuu_wa_chifu

Kifaru kinauza hatifungani na huku wanyamapori wetu hawauzi hata sabuni.

Mama Wawili Tegeta

Jamani mimi nimesoma kimya mpaka hapa. Je, Vita ya Pili ilikuwaje? Naona ile ya watoto na kivuli mara nyingi mtandaoni.

Mchora Vibao (mleta uzi)

Mama Wawili, hilo ni la Lawrence Beall Smith, 1942. Watoto watatu wamekaa kwenye majani wanacheza, mmoja ana kofia ya karatasi, na kivuli cha swastika, alama ya Wanazi, kinawanyemelea. Maneno: usiache kivuli kile kiwaguse. Hakuna damu hata tone. Ukiyaweka pamoja na yale ya 1918 utaona tofauti. Kizazi cha pili kilikuwa kimeshachoka na stori za kiganja cha damu; walishagundua kwamba nyingi za Vita ya Kwanza zilitiwa chumvi. Kwa hiyo wachoraji wakahamia nyumbani: watoto, meza ya chakula, rubani mwenye uso mtulivu anayeangalia mbali.

Na kuna bango la 1943 la rubani mweusi wa Tuskegee, kundi la marubani weusi wa jeshi la Marekani, amesimama na miwani yake ya ndege kichwani: Tuwezesheni kuendelea kuruka. Jeshi lenyewe wakati huo lilikuwa bado linawatenga weusi na weupe. Hela haikutengwa.

Kubwa kuliko yote kwangu ni Norman Rockwell. Alichora picha nne za Uhuru Nne alizozitaja Rais Roosevelt kwenye hotuba ya Januari 1941: kusema, kuabudu, kuepukana na uhitaji, kuepukana na hofu. Alipozipeleka Washington kwa wazo tu, maofisa hawakuzitaka. Jarida la Saturday Evening Post likazichapa mwanzoni mwa 1943, barua zikamiminika, serikali ikageuka. Zikazungushwa miji 16 na zikasaidia kuuza hatifungani za dola milioni 132. Ile ya chakula, bibi anaweka bata mzinga mezani, angalieni kitambaa cha meza: nyeupe juu ya nyeupe, sahani nyeupe, glasi za maji matupu. Kuchora nyeupe juu ya nyeupe bila kuonekana uchafu ni kazi ya mtu aliyebobea. Mimi siwezi, nasema wazi.

Dada Hazina

Na Vita ya Pili ndipo Marekani walipopanga bidhaa vizuri, lazima tuwape haki yao. Hatifungani ya kundi E ilianza kuuzwa tarehe 1 Mei 1941, Roosevelt mwenyewe alinunua ya kwanza kwa Waziri wa Fedha Henry Morgenthau. Ulilipa dola 18.75, baada ya miaka kumi unachukua 25. Ni kama asilimia 2.9 kwa mwaka. Huna 18.75? Unanunua stempu za senti 10 au 25, unabandika kwenye kijitabu mpaka kinajaa. Watoto wa shule walikuwa wanabandika. Na hii haikuwa ya kuuziana sokoni. Ukikwama serikali inakurudishia. Yaani lile kosa la 1920 la fundi viatu kuuza kwa hasara walilifungia mlango.

Sababu ya pili ya kuziuza hawakuiandika bangoni kabisa. Viwanda vilikuwa vinatengeneza ndege na mizinga, havitengenezi magari wala friji. Watu wana mishahara mizuri, madukani hakuna kitu. Hela hiyo ikizurura, bei zinapaa. Hatifungani ilikuwa ndoo ya kukinga hela isimwagike sokoni, ndiyo maana walikazania kukatwa asilimia 10 ya mshahara moja kwa moja kazini. Jumla ya vita nzima ni kama dola bilioni 185, wanunuzi milioni 85. Ila usidanganyike na bibi na bata mzinga: sehemu kubwa ya hela ilitoka kwa makampuni, bima na taasisi. Mabango yalikuwa ya kumfanya mtu wa kawaida ajione yumo vitani, na Morgenthau hakulificha hilo.

Kipara Mstaarabu

Na burudani je? Nilisikia kulikuwa na mechi.

Bwana Mkeka

Hii naijua mimi! Tarehe 26 Juni 1944, New York, besiboli, timu TATU uwanja mmoja siku moja: Dodgers, Yankees, Giants. Mbili zinacheza, moja imekaa, zinapokezana. Tiketi ni hatifungani. Watu kama 50,000. Dodgers 5, Yankees 1, Giants 0. Fikiria Simba, Yanga na Azam kwa Mkapa kwa mtindo huo, tungefunga deni la taifa kabla ya mapumziko.

Mchora Vibao (mleta uzi)

Na mwimbaji Kate Smith, tarehe 21 Septemba 1943, alikaa redioni saa 18, akarudi hewani zaidi ya mara 60 kuwaomba watu wanunue. Dola milioni 39 siku moja. Sauti ikikauka ndiyo watu wanapiga simu zaidi.

Lakini mwisho wa haya yote ni bango la mkupuo wa saba, 1945. Picha mnaijua hata kama hamjui mnaijua: wanajeshi sita wanasimika bendera kwenye kilima cha Iwo Jima, kisiwa cha Japani, Februari 23, aliyepiga ni Joe Rosenthal. C. C. Beall akaigeuza bango, akaandika: Sasa, sote kwa pamoja. Walitaka bilioni 14 wakapata zaidi ya 26.

Watatu kati ya sita walishakufa palepale kisiwani. Waliobaki, Ira Hayes, Rene Gagnon na John Bradley, wakarudishwa nyumbani wazungushwe nchi nzima wauze hatifungani. Hayes alikuwa Mmarekani wa asili, wa kabila la Pima la Arizona, hakuipenda ile safari, akarudishwa kikosini kabla haijaisha.

Halafu 2016 kikosi chao cha Marine kikakiri kwamba Bradley hakuwa kwenye ile picha. Alikuwa mtu mwingine, Harold Schultz, ambaye maisha yake yote hakutangaza. 2019 wakakiri tena: Gagnon naye hayumo, ni Harold Keller. Kwa hiyo kati ya watatu waliozungushwa kuuza, wawili hawakuwa bangoni.

mjukuu_wa_chifu

Weeee! Schultz kakaa kimya? Mimi ningekuwa nimechapisha fulana.

Mama Wawili Tegeta

Pengine alikuwa na yake ya kukumbuka, mwanangu.

Hamburgi Mswahili

Wakuu salaam kutoka baridini. Mmeongea waliouza kwa walioshinda. Mimi naishi na wajukuu wa waliouziwa na walioshindwa.

Ujerumani walitoa mikupuo tisa ya mikopo ya vita, Septemba 1914 hadi Septemba 1918, riba asilimia 5, jumla kama mark bilioni 98. Bango lao maarufu ni la Fritz Erler, 1917: askari amesimama kati ya seng'enge, kofia ya chuma, macho yanang'aa hayakuangalii wewe, yanaangalia kitu nyuma yako. Tusaidieni tushinde. Ukikaa nalo chumba kimoja usiku hulali. Lingine la Lucian Bernhard, ngumi ya chuma ya kizamani imeshuka kutoka juu: Hii ndiyo njia ya amani, maadui wametaka wenyewe.

Mwisho wake mnaujua. Novemba 1923 dola moja ilikuwa mark trilioni 4.2, mkate mmoja mark bilioni 200. Aliyeikopesha serikali akiba ya maisha yake hakuweza kununua gamba la mkate.

Dada Hazina

Kaka Hamburgi, nyongeza ndogo. Sheria ya 1925 iliwarudishia kidogo walioshikilia tangu kabla ya Julai 1920: kwa mark 1,000, karatasi mpya ya 25, na haki ya kuingia bahati nasibu ambayo ikikutoa unalipwa mara tano, yaani asilimia 12.5. Bahati nasibu ya kurudishiwa hela yako mwenyewe.

Na ndiyo maana Vita ya Pili utawala wa Hitler haukuthubutu kubandika mabango ya hatifungani. Walichota akiba za watu kwenye mabenki kimyakimya, mwananchi anaweka akiba, benki inaikopesha serikali, yeye hajui. Waliogopa kuomba wakakataliwa.

Hamburgi Mswahili

Ahsante dada, hilo la 1925 linanifungua macho, maana ninayo moja. Nilinunua gulioni Jumapili, euro 6. Ni ya mkupuo wa sita, 1917, mark 100. Imechapwa vizuri mno, tai na mapambo pembeni, karatasi nene. Imebanwa na karatasi ya pili ya kuponi za riba, kila moja mark 2.50, unakata mbili kwa mwaka unapeleka benki.

Mchora Vibao (mleta uzi)

Piga picha ya pembe, nataka kuona wino. Na kuponi zimekatwa mpaka wapi?

Hamburgi Mswahili

Picha inapanda. Mkasi umepita safi mpaka Januari 1923. Zilizobaki zinaanzia Julai.

Dada Hazina

Januari 1923 mkate Berlin ulikuwa mark 250. Kwa hiyo alitoka na mkasi, akapanga foleni benki, kwa mark 2.50.

Hamburgi Mswahili

Na karatasi mpya ya 1925 hakwenda kuichukua, la sivyo hii isingebaki.

Mchora Vibao (mleta uzi)

Picha nimeiona. Rangi tatu, ile ya kahawia imechapwa mwisho, juu ya nyingine. Hapo chini pembeni kuna jina limeandikwa kwa penseli, lizibe kabla hujaiacha humu.